Mzee, Daktari na Fundi: Namna ya Kuzungumza Ili Tiba Zisigombane

Mzee wa Msimbati, Madimba au Mahurunga, mkoani Mtwara, anapoanza kuumwa magoti, mara chache hutibiwa mahali pamoja. Kwanza huchuliwa mafuta nyumbani. Asipopata nafuu huitiwa fundi, kama wengi huku Kusini wanavyomwita mganga wa kienyeji, naye humchimbia mizizi. Mchuuzi wa gulioni humuuzia kiboksi chenye maandishi ya Kichina na picha ya mtu aliyeshika kiuno. Mjukuu aliyeko Mtwara mjini hutuma vidonge vya diklofenaki kwa bodaboda. Maumivu yakizidi ndipo mzee hupandishwa gari hadi zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula. Anapoketi mbele ya daktari mwili wake umeshapokea tiba nne, na mara nyingi daktari haambiwi hata moja.

Hatari kubwa kwa wazee wa ukanda huu wa mlango wa Ruvuma iko hapo, katika kutoambiana. Mizizi ina watu wake, vidonge vina watu wake, na mzee ana haki ya kuchagua. Lakini tiba mbili zisizojuana zikikutana ndani ya mwili wa miaka 75, wenye figo zilizochoka, zinaweza kumlaza mzee kitandani kwa namna ambayo ugonjwa wenyewe usingemlaza. Haya yanayofuata ni ya mzee mwenyewe, ya anayemsindikiza, na ya mhudumu wa afya aliye upande wa pili wa meza.

Kila tiba na namna yake ya kusikiliza

Tuanze na hofu inayowafunga wazee midomo. Wengi wanaamini kwamba kumtaja fundi hospitalini ni kukiri kosa. Si kosa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda baraza linalosajili waganga, na Muhimbili imekuwa ikitafiti dawa za asili tangu 1974. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Stacey Langwick, alifanya utafiti wake Newala, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 2011 alionyesha jinsi familia za huko zinavyokwenda kwa mganga na hospitali kwa zamu, tena kwa ugonjwa uleule. Kwa hiyo daktari anayeshangaa kusikia habari za mizizi atakuwa mgeni wa mkoa, na daktari anayefoka atakuwa amejifungia mlango yeye mwenyewe: mwezi ujao mzee yuleyule atasema, "Sijatumia kitu, mwanangu."

Fundi mzuri hatazami goti peke yake. Huuliza nani kafariki, nani hasemi na nani, shamba la mikorosho ameachiwa nani. Humtaka mjomba awepo, kwa sababu katika koo nyingi za Wamakonde neno la mjomba lina uzito. Mzee hutoka pale akiwa amesikilizwa, na hilo peke yake humpunguzia mzigo. Asichokuwa nacho fundi ni kipimo. Hawezi kuona kwa macho kwamba presha ni 180 kwa 110, au kwamba sukari imefika 20.

Hospitali ina kipimo, ila muda wake ni mfupi, na muda huo mfupi mara nyingi daktari huumaliza kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walisikiliza mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa yaliyorekodiwa. Kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18, na ni wagonjwa 17 tu waliomaliza walichokuja kusema. Kwenye pwani yetu sekunde 18 hazitoshi hata kuitikia shikamoo na kuulizana habari za nyumbani. Mzee wa huku haanzi na ugonjwa. Huanza na salamu, akaja kwenye safari, akataja maumivu ya mgongo ambayo hata yeye anajua si makubwa, na lile linalomkosesha usingizi hulisema mwisho, akiwa ameshainuka na mkono uko mlangoni. Daktari akimkatiza njiani hupata mgongo tu. Damu kwenye choo ataisikia baada ya miezi sita.

Tiba ya tatu ni ya Kichina, nayo si ngeni nchini. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, wale wa Bara wakitoka jimbo la Shandong. Mwaka 1987 nchi hizi mbili zilikubaliana kujaribu dawa za jadi za Kichina kwa wagonjwa wa UKIMWI pale Muhimbili, na katika miaka ya 1990 kliniki binafsi za Wachina zilienea Dar es Salaam. Mzee wa kijijini huku anaweza asimwone kamwe tabibu wa Kichina. Anachokiona ni kiboksi, kimeletwa na ndugu kutoka Dar au kimenunuliwa mnadani, bila mtu wa kumweleza kilichomo.

Hasara yake ni kwamba kiboksi huja bila yale mazungumzo yanayotakiwa kuandamana nacho. Tabibu wa jadi wa Kichina hufuata njia nne: hutazama, husikiliza na kunusa, huuliza, kisha hugusa. Huutazama ulimi. Huweka vidole vitatu juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, huu kwanza na ule baadaye, akatulia. Zhang Jingyue, tabibu aliyefariki mwaka 1640, alipanga maswali kumi ya kumuuliza kila mgonjwa, kuanzia baridi, joto na jasho, akapita kwenye haja na chakula, na moja kati yake linahusu uziwi. Kwa mgonjwa wa miaka 80 mimi ningelipandisha swali hilo la masikio liwe la kwanza. Na kule kuushika mkono wa mzee kwa utulivu kabla ya kuandika chochote ni jambo ambalo tabibu wa zahanati anaweza kulifanya leo, wakati anapima mapigo ya moyo, bila kubadili dawa hata moja. Ila mkono haupimi presha. Ukiambiwa presha yako iko sawa kwa kushikwa mkono peke yake, omba mashine.

Leta mfuko mzima

Ushauri huu ndio ninaotaka msomaji abaki nao hata akisahau mengine. Siku ya kwenda hospitali, kusanya kila kitu ambacho mzee anakunywa, anajipaka, anajifukiza au anatafuna, kitie kwenye mfuko mmoja, ukimwage mezani kwa daktari.

Mfuko wa namna hiyo huwa na vitu hivi: bahasha tatu za vidonge, mbili maandishi yake yamefutika kwa jasho; karatasi ya amlodipini iliyobakiza vidonge vinne; chupa ya nusu lita yenye maji ya kahawia, magome yametuama chini; unga wa mlonge ndani ya kopo la kahawa; kiboksi cha Kichina kilichopoteza kikaratasi chake cha maelezo; mafuta ya kuchua; na kichupa cha kombe, yale maji ya aya, alichopewa na shehe. Mzizi ukiwa bado upo, uletwe wenyewe, pamoja na jina lake la Kimakonde, aliyeutoa, na kiasi anachokunywa kwa siku. Daktari hatajua kila mzizi, lakini atajua umeanza lini, na akilinganisha na siku miguu ilipoanza kuvimba atapata pa kuanzia.

Kwa mhudumu wa afya, namna ya kuuliza ndiyo inayoamua. "Umetumia dawa za kienyeji?" ni swali linalojibiwa "hapana" kwa sababu sauti yake ni ya askari. Jaribu hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, bibi. Wengi wanaokuja hapa wanatumia na dawa za mizizi, au za Kichina, au kombe. Nawe unatumia zipi?"

"Nikisema si utanigombeza?"

"Sikugombezi, bibi. Nataka nizijue, ili hizi nitakazokupa zisije zikagombana nazo."

Akishasema, mshukuru kwanza. Usiichukue chupa ukaitupa mbele yake. Kama ipo sababu ya kuiacha, ieleze kwa maneno mafupi, na kama haina madhara unayoyajua, mwambie hivyo.

Michanganyiko ya kuangalia ni mingi, lakini michache inawaumiza wazee zaidi. Wa kwanza ni wa sukari. Mzee anayemeza glibenklamidi akaongeza mlonge au dawa nyingine ya mizizi ya kushusha sukari anaweza kushuka kupita kiasi: jasho jingi, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka, kuzirai. Akiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, mpe maji ya sukari au soda yenye sukari mara moja, kisha mpeleke kituoni. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, kimbia naye. Hatari hiyohiyo huja mwezi wa Ramadhani. Mzee anayetaka kufunga aende kliniki kabla mwezi haujaandama, aseme wazi, "Nataka kufunga." Dawa zinaweza kubadilishwa au kupangwa upya kati ya futari na daku, au akaelezwa kwa nini mwili wake haustahimili. Akificha atafunga huku anameza vidonge vilevile kwa saa zilezile.

Wa pili ni wa damu. Anayetumia aspirini ya kila siku, na zaidi anayetumia warfarini, asipigwe chuku, asifanyiwe hijama wala asichanjwe chale kabla daktari hajajua. Pwani hii imeujua uumikaji tangu zamani, na Wachina nao wanaumika. Tiba inaonekana ya kawaida kiasi kwamba hakuna anayekumbuka kuitaja. Itajwe. Vitunguu saumu na tangawizi vya mbogani havina shida kubwa, lakini anayevinywa kama dawa, kwa wingi na kila siku, aseme pia.

Wa tatu ni wa figo na presha. Diklofenaki na dawa za jamii yake hupandisha presha, huzuia maji mwilini na huumiza figo za mzee, tena mzee huyohuyo huwa anameza dawa ya presha. Moja inavuta huku, nyingine inavuta kule. Katika dawa za Kichina, urukususu, ule mzizi mtamu unaotiwa katika michanganyiko mingi, ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu hupandisha presha na kupunguza potasiamu, na anayetumia dawa ya kukojoza kama Lasix yumo hatarini zaidi. Mmea wa Kichina uitwao mahuang nao huamsha moyo na kupandisha presha.

Na kuna kile kidonge kisicho na jina. Ukipewa dawa ya viungo ambayo inaondoa maumivu yote kwa usiku mmoja, uwe na wasiwasi nayo. Nchi mbalimbali zimewahi kukuta ndani ya vidonge vinavyouzwa kama mitishamba dawa za hospitali zilizotiwa kwa siri, zikiwemo steroidi kama deksamethasoni. Mzee hunenepa uso, sukari hupanda, mifupa hudhoofu. Na aliyezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla peke yake, kwa kuwa kuacha ghafla nako kunaweza kumwangusha. Apeleke kiboksi kwa daktari.

Kidonge kilichoachwa siku ya safari

Kuna kosa la mawasiliano ambalo kila anayehudumia wazee wa presha anapaswa kulifikiria. Bibi wa Kilambo ana dawa ya kukojoza. Anajua akiimeza alfajiri hataweza kukaa kwenye gari hadi mjini bila kushuka porini mara mbili, mbele ya vijana. Kwa hiyo siku ya kliniki anaiacha dawa hiyo, na pengine anaacha dawa zote, maana ameshasikia kwamba vipimo hutaka mtu asile kitu. Anafika Mtwara amechoka, hajala, amekaa foleni juani. Anapimwa: 190 kwa 100. Daktari haulizi, bibi hasemi. Anaongezewa kidonge cha pili. Kesho yake nyumbani anameza vyote viwili kama alivyoelekezwa, anainuka usiku kwenda chooni, kizunguzungu kinamshika, anaanguka, nyonga inavunjika.

Maneno mawili yangetosha kuzuia hayo. Daktari aulize, "Leo umemeza dawa zako, bibi? Saa ngapi?" Naye bibi aseme, "Leo sijameza, kwa ajili ya safari." Dawa ya kukojoza inaweza kupangiwa saa nyingine siku ya safari, na daktari akikubali imezwe baada ya kufika. Presha ya mzee ipimwe pia akiwa amesimama, kwa sababu ile ya kukaa inaweza kuwa juu na ya kusimama ikashuka ghafla. Mzee mwenyewe ajifunze kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka.

Madhara mengine ya dawa yanayofanya wazee waziache kimyakimya yanajulikana vizuri, ila hayaelezwi dirishani. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu. Captopril huleta kikohozi kikavu kisichoisha. Metformini husumbua tumbo, hasa mwanzoni. Mzee ambaye hakuambiwa atadhani amerogwa, au ugonjwa umehamia miguuni, na atarudi kwa fundi na ugonjwa mpya ambao ni dawa ileile. Akiwa ameonywa mapema, "Miguu ikivimba, rudi, tutabadilisha," atarudi.

Presha yenyewe nayo inahitaji kuelezwa upya kila mara. Wazee wengi huamini kwamba presha ipo pale moyo unapokwenda mbio au kichwa kinapogonga, na kwamba siku wanapojisikia vizuri imepona. Presha iliyo juu mara nyingi haisemi kitu mpaka siku ya kiharusi. Dawa yake humezwa siku ya maumivu na siku isiyo na maumivu.

Masikio, macho na bahasha

Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba. Kumpigia mzee kelele hakumsaidii, kunamwaibisha mbele ya foleni nzima. Kaa mbele yake, uso wako uwe kwenye mwanga ili aione midomo, shusha sauti iwe nzito kidogo, sema polepole, maneno machache kwa mara moja. Kama umevaa barakoa na hakuna sababu ya kuivaa, ivue. Mchunguze masikio: wakati mwingine "uziwi" ni nta iliyoziba, na husafishwa palepale. Kiti cha mgonjwa kisiwe karibu na dirisha lenye kelele za pikipiki.

Kumbukumbu nayo ina kikomo, na si ya wazee tu. Roy Kessels wa Uholanzi aliandika mwaka 2003 kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo ya daktari husahaulika palepale. Dawa ya hilo ni kumwomba mgonjwa arudie, kwa namna isiyomfanya mwanafunzi: "Bibi, labda mimi sijaeleza vizuri. Ukifika nyumbani wakikuuliza umeambiwa nini, utawaambiaje?" Akikosea, anayesahihishwa ni maelezo yako. Na mzee asiyeulizwa hivyo aseme mwenyewe: "Daktari, ngoja nirudie uone kama nimeelewa."

Bahasha ya dawa ina lugha yake, 1x3, 2x2, na mzee asiyesoma hapati kitu hapo. Anayesoma naye huweza kupotea akiandikiwa "8:00", kwani kwake saa nane ni mchana wa jua kali. Andika saa 2 asubuhi, saa 2 usiku. Bora zaidi, funga dawa kwenye jambo ambalo mzee halikosi: baada ya sala ya alfajiri, baada ya magharibi, pamoja na uji, kabla ya kulala. Chora jua kwenye bahasha ya asubuhi na mwezi kwenye ya usiku. Na dawa zisichanganywe kwenye kopo moja hata kama zinafanana rangi.

Anayemsindikiza

Binti au mjukuu anayekuja na mzee ni msaada mkubwa, mpaka pale anapojibu kila swali yeye. Mzee huketi kama mtoto, daktari na binti wanazungumza juu ya kichwa chake. Utaratibu mzuri ni huu: salamu zote zianze kwa mzee, swali la kwanza liulizwe kwake, na msindikizaji aongeze baada ya mzee kumaliza. Msindikizaji awe na daftari dogo: lini ilianza, alianguka mara ngapi, anakula nini, analala vipi.

Kisha atoke nje kwa dakika chache. Yapo mambo ambayo babu hatayasema mbele ya mjukuu: mkojo unaotoka kwa kudondoka, kuamka mara tano usiku, busha lililokua miaka kumi ndani ya kikoi. Yapo ambayo bibi hatayasema mbele ya mtoto wa kiume: kizazi kushuka, mkojo kumponyoka akikohoa. Hayo yote yana tiba, na wengi huyabeba hadi kaburini kwa aibu. Mzee ana haki ya kuomba muuguzi wa jinsia yake, na kituo kikiwa naye kimwite. Katika dakika hizo chache ndipo pia atakaposema kama nyumbani anafokewa, analala njaa, au hela zake zinachukuliwa.

Jambo moja kwa wanafamilia lisisubiri kliniki. Mzee aliyekuwa na akili zake jana, leo anaongea na watu wasioonekana, hajui alipo, analala mchana kutwa: huo mara nyingi ni ugonjwa wa mwili, malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka au dawa iliyomzidi. Kusahau kwa uzeeni huja polepole, kwa miezi na miaka. Kunakokuja ghafla ni dharura. Hapo hospitali kwanza, mengine baadaye.

Lugha

Daktari aliyehamishiwa huku kutoka Mwanza au Mbeya anakutana na wazee ambao Kiswahili chao ni cha sokoni, na maumivu yao wanayasema kwa Kimakonde. Kuna waliovuka Ruvuma zamani kutoka Msumbiji, wenye Kimakonde cha kule na Kireno kidogo. Mzee huitikia "ndiyo" kwa adabu hata asipoelewa. Maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana hayafai, mwambie, "Nionyeshe panapouma," "Nieleze jana ulishindaje."

Mkalimani awe mtu mzima, na ikiwezekana mtumishi wa kituo. Mjukuu wa miaka 10 hawezi kumtafsiria bibi yake habari za kizazi. Mkalimani aseme yote: mzee akizungumza dakika mbili, na mkalimani akatoa maneno matatu, rudia swali. Na daktari amtazame mzee, asimtazame mkalimani. Hili linahusu pia kliniki ya Kichina: kama tabibu hajui Kiswahili, mtake mkalimani akuambie jina la dawa, kazi yake, mwisho wa kuitumia, na kama inapatana na dawa zako za hospitali. Akishindwa kujibu, usiinunue.

Maneno ya mzee kuhusu mwili wake yaheshimiwe, lakini yaulizwe. "Mshipa" unaweza kuwa ngiri, busha au maumivu ya kiuno. "Tumbo joto" linaweza kuwa vidonda vya tumbo au moyo. Mwombe aweke mkono mahali penyewe.

Habari nzito

Vipimo vikionyesha saratani, watoto wengi humfuata daktari pembeni: "Mzee asiambiwe, atakufa kwa mawazo." China nako familia nyingi huambiwa kwanza, mgonjwa baadaye au asiambiwe kabisa. Naielewa hofu hiyo, ila siikubali iwe kanuni. Mzee anayesafirishwa hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ataona wenzake na atajua, tena atajua akiwa peke yake. Njia ya katikati ipo. Kabla ya majibu kutoka, daktari amuulize mzee mwenyewe: "Majibu yakija, ungependa nikueleze wewe, au nimweleze mtu unayemchagua?" Wapo watakaosema, "Mwambie mjomba." Huo ni uamuzi wao na uheshimiwe. Wapo watakaotaka kujua, ili wagawe mashamba, waombane radhi na ndugu na kumaliza madeni.

Dirisha, hela na tarehe ya kurudi

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60, na Sera ya Afya ya 2007 ilimpa matibabu bila malipo yule asiye na uwezo. Fika na kitambulisho cha mzee, na kama hujakipata anza kwa mtendaji wa kijiji. Uliza dirisha la wazee lilipo, usisubiri kwenye foleni ndefu. Ukiambiwa dawa hazipo ukanunue nje, usiondoke kimya ukanunue nusu ya kila moja. Rudi kwa daktari umuulize: "Kati ya hizi, ipi ni ya lazima kama hela haitoshi zote?" Ni swali la busara na lina jibu. Ipo dawa isiyopaswa kukosa hata siku moja, na ipo vitamini inayoweza kungoja. Ukihudumiwa vibaya, mwone mganga mfawidhi wa kituo.

Kabla hujatoka, tazama tarehe uliyoandikiwa. Kuanzia mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili wazee wengi huhamia kibandani shambani kuokota korosho, na kliniki za miezi hiyo ndizo wanazozikosa. Mwambie daktari mapema kwamba tarehe hiyo utakuwa shambani na ni shamba la wapi. Presha au sukari ikiwa imetulia, omba uandikiwe dawa za miezi miwili badala ya mmoja, na akutajie zahanati iliyo karibu na shamba utakapopimwa katikati ya msimu, kwa kadi hiyohiyo. Acha namba ya simu ya mtu anayesoma ujumbe, maana simu ya mzee shambani mara nyingi haina chaji.